Noti za Nje za Mama Nyuzi

Kwaya ya kiwanda cha nguo haikuwa na mtu wa kupunga mikono mbele yake. Tangu ilipoanzishwa ilimfuata kiongozi wa sauti ya kwanza, dada mmoja wa idara ya kukunja vitambaa, aliyepewa jina la Kengele kwa sababu sauti yake ilipenya hata milango ya chuma. Kengele akivuta pumzi, kwaya nzima inavuta pumzi. Akihama neno, wote wanahama. Kazi ya mwalimu ilikuwa kuwafundisha wimbo viongozi wa sauti nne, kila mmoja peke yake, nao wakaupeleke kwa watu wao. Hakuna aliyesoma karatasi. Wakishaujua, mwalimu alikaa kwenye benchi la kantini akasikiliza kama watu wengine.

Mwalimu wa sasa alikuwa kijana aliyemaliza chuo cha muziki mwaka uliopita. Kiwandani alikuwa karani wa mahudhurio, maana kazi ya muziki yenyewe haikuwepo. Wanakwaya walimwita Digrii, wachache kwa heshima, wengi kwa utani. Hakuchukia. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba watu wanaotoka kazini wamechoka, wakakubali kusimama saa nzima wakiimba, wanastahili kufundishwa muziki kama unavyofundishwa popote pale.

Kiongozi wa sauti ya pili alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, mfumaji wa siku nyingi. Kiwanda kizima kilimjua kwa jina la Mama Nyuzi. Ndiye aliyemfundisha Digrii kuimba kabla hajajua kusoma.

Jumatatu, baada ya mazoezi, Mwenyekiti wa kwaya alimshika Digrii kiwiko na kumpeleka pembeni, karibu na sinki la kuoshea vikombe. Mwenyekiti alikuwa mtunza stoo ya rangi, mwimbaji wa besi, na kucha zake zilikuwa na buluu isiyotoka.

"Mwalimu, nikwambie kitu bila kuzunguka?"

"Niambie, mzee."

"Shangazi yako anachelewa."

"Anachelewa mazoezi?"

"Mazoezi anakuja kabla yangu. Anachelewa kwenye wimbo. Sisi tumeshafika, tumevua viatu, tumekaa, yeye ndiyo kwanza anafunga mlango wa kwake."

Digrii alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Jumamosi tunarekodi," Mwenyekiti akaendelea. "Redio itaupiga wimbo wetu siku ya sherehe ya kiwanda, na kila sherehe itakayofuata. Mazoezini mtu akikosea tunasahau kesho yake. Rekodi haisahau. Mimi sina ugomvi na mama yule, amekula chumvi nyingi kwenye kwaya hii. Lakini Jumamosi apumzike nyumbani."

"Huyo ndiye kiongozi wa sauti ya pili, mzee."

"Ndiyo maana nakwambia wewe, siyo yeye. Au niletee sababu. Si umesoma? Niletee sababu ya kumwacha."

Mazoezi ya Jumanne Digrii aliweka simu yake mbele ya Mama Nyuzi, ikirekodi, karibu zaidi na mdomo wake kuliko midomo ya wenzake. Alipofika nyumbani alitandaza karatasi ya wimbo mezani, akachonga penseli, akaanza kazi aliyofundishwa chuoni.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Sauti nne zinapokutana, noti zake hufanya fungu. Do, mi na sol ni fungu moja; fa, la na do ni jingine. Wimbo husogea kutoka fungu hadi fungu. Lakini karibu kila wimbo una noti ambazo, zinapolia, si za fungu lililopo. Hizo ni noti za nje. Anayezitafuta huzizungushia duara, kisha huuliza kila moja maswali mawili: umetoka wapi, na unakwenda wapi? Iliyotoka do ikapitia re kwenda mi ni noti ya kupita. Iliyotoka mi, ikachungulia fa, ikarudi mi, ni noti ya jirani. Na ipo ile iliyokuwa ya fungu lililopita, fungu likabadilika yenyewe ikabaki imeng'ang'ania palepale, ikalia vibaya kidogo dhidi ya wenzake, kisha ikashuka hatua moja na kutulia. Hiyo chuoni kwao waliiita noti ya kusubiri. Zote hizo ni mapambo. Isiyo na majibu ya maswali hayo ni kosa.

Digrii alisikiliza mstari wa kwanza, "Uzi mmoja, uzi mwingine." Kwenye "mmo" shangazi alikuwa kwenye fa, mahali pake. Kengele na besi walipohamia "ja", fungu likawa la do, na shangazi akabaki kwenye fa. Ikauma. Kisha ikashuka taratibu hadi mi, na neno likatulia kama mtu aliyeketi baada ya kusimama mno.

Aliurudia mstari ule. Akazungusha duara. Akaenda wa pili: do ikabaki ndani ya fungu la sol, ikashuka kwenda ti. Akazungusha duara. Mstari wa tatu vilevile. Kila shangazi alipochelewa, noti ilitoka mahali pake halali na ikashuka mahali pake halali. Hakuna mwanafunzi wa darasa lao ambaye angeziandika noti za kusubiri kwa usafi ule.

Akasimama, akazunguka meza, akacheka peke yake. Shangazi yake, ambaye hajawahi kuingia darasa la muziki hata kufagia!

Zilibaki noti chache, kama moja kwa kila ubeti, ambazo hazikujibu maswali yake. Kwenye neno "twafuma" shangazi alikaa kwenye la wakati fungu limehamia sol, kisha badala ya kushuka hatua moja akaruka moja kwa moja hadi mi. Digrii alizitazama, akaziwekea alama ya kuuliza, akazipita. Furaha yake haikuwa na nafasi ya alama za kuuliza.

Alhamisi alibandika karatasi kwenye ukuta wa kantini na kuwaeleza wanakwaya wote. Alimwomba Mwenyekiti ashike do. Alimwomba Kengele aimbe sol juu yake. Yeye mwenyewe akaingiza fa katikati, akaishikilia mpaka watu wakakunja nyuso, halafu akaishusha hadi mi. Kantini ikashusha pumzi.

"Mmesikia? Hiyo raha ya mwisho inatoka kwenye ule uchungu wa mwanzo. Mama Nyuzi hachelewi. Anasubiri. Ni ustadi, una jina lake na umeandikwa vitabuni."

"Kwa hiyo, Digrii," mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu akauliza, "mimi nikiingia kazini saa mbili na robo, ukinikuta getini utaandika nimechelewa au nimesubiri?"

"Inategemea ulikuwa wapi kabla," mwingine akadakia.

"Alikuwa kitandani!"

"Basi ametoka mahali pake halali!"

Watu wakavunjika mbavu. Digrii naye akacheka. Mama Nyuzi alikaa mwisho wa benchi akimtazama mpwa wake mdomoni, hacheki, mikono imelala mapajani.

Mwenyekiti hakucheka pia. Alikuwa amesogea ukutani, kidole chenye buluu kiko juu ya karatasi.

"Na hizi ulizowekea alama ya kuuliza?"

"Hizo bado, mzee."

"Bado nini?"

"Bado sijazijua."

"Mimi ndizo nilizokuwa nazisikia." Akaligonga gonga neno "twafuma". "Hizi nyingine, haya, nimekubali, zina utamu. Hizi zinanikwaruza. Nusu ya sababu siyo sababu, Mwalimu. Una kesho."

Digrii alibandua karatasi akaondoka nayo. Njiani alikuwa amekasirika, na kufika nyumbani hasira ilikuwa imeisha, imebaki aibu, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa na haki. Mtu hawezi kuzitaja noti zinazompendeza tu.

Akakaa akaziangalia zile za kuuliza peke yake, akiacha sauti akatazama maneno. "Twafuma": fungu linabadilika katikati ya "fu", irabu ikivutwa. "Daima": linabadilika katikati ya "i". "Pamoja": katikati ya "mo". Kila mahali penye alama ya kuuliza, sauti zilihama lakini silabi haikuhama. Na mahali pote alipozungusha duara, silabi ilikuwa mpya.

Alijaribu kuimba sehemu ya Kengele mbele ya kioo. Kwenye "mmoja" midomo ilifunguka kwa namna mpya. Kwenye "fuuu" midomo ilibaki ileile, duara ileile, ingawa sauti ilikuwa imeshuka.

Hapo alikumbuka ukumbi wa kufuma, ambako aliingia kila asubuhi na karatasi za mahudhurio. Mashine zikiwaka hakuna anayesikia hata kikohozi chake. Wafumaji walisemezana kwa midomo bila kutoa sauti, wakisimuliana habari za ndoa na wagonjwa kutoka mashine hadi mashine, na yeye mgeni alipita katikati ya vicheko asivyovielewa.

Ijumaa alasiri, baada ya zamu, alimfuata shangazi nyumbani. Alimkuta jikoni akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Kaa hapo penye mwanga."

Alikuwa akiambiwa akae penye mwanga tangu aliporudi kutoka chuoni. Alidhani ni ukarimu.

"Tuimbe ubeti mmoja, Shangazi. Mimi sauti ya kwanza, wewe ya pili."

Waliimba. Shangazi alichelewa palepale anapochelewa siku zote, akashuka vizuri palepale. Walipoanza mstari unaofuata Digrii aliinua karatasi ya wimbo kama anayesoma, akaziba mdomo wake. Shangazi aliimba maneno machache, akasita, akanyamaza. Digrii aliendelea kuimba nyuma ya karatasi.

"Toa karatasi," shangazi akasema.

Digrii aliendelea kidogo.

"Toa karatasi, mwanangu, nikuone."

Akaishusha. Walitazamana juu ya ungo.

"Tangu lini husikii?"

"Nani anajua? Sikio halikuaga. Lilianza la kulia, lilikuwa upande wa mashine. La kushoto bado linasikia mlango ukibamizwa. Na Kengele akiamua kupiga kelele, nalipata lile neno, ila wimbo wake sijui unapanda au unashuka."

"Na sehemu yako unaijuaje?"

"Ulinifundisha peke yangu, karibu na sikio la kushoto, nikikutazama. Nikishaijua iko hapa." Akajigonga kifuani. "Kuijua siyo shida. Shida ni kujua wao wamefika wapi. Namtazama Kengele, akigeuza mdomo, na mimi nageuka."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Wataniletea kiti. Watanisemesha polepole kama nimefiwa. Sitaki kuimba huku watu wananionea huruma."

Digrii akauliza alichokuwa anaogopa kuuliza. "Na jana, nilipowaambia ni ustadi?"

"Nilikuona umefurahi, sikutaka kukuharibia." Akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Lakini niliona haya. Ulinivalisha nguo siyo yangu, mbele za watu."

Chuoni walimfundisha kuiuliza noti imetoka wapi na inakwenda wapi. Hakufundishwa kumuuliza anayeiimba. Hakutaka kulisema hilo kwa shangazi yake, lingefanana na kuomba radhi kwa niaba ya chuo kizima.

"Kesho nitasimama mbele," alisema. "Nitapunga mkono. Fungu likibadilika, hata kama mdomo wa Kengele haubadiliki, mkono wangu utashuka. Utaniona."

"Kwaya hii haijawahi kupungiwa mkono."

"Kesho itapungiwa."

"Na Mwenyekiti?"

"Alitaka sababu. Nitampa wimbo uliofika kwa wakati."

Jumamosi waliingia stoo ya vitambaa, kwa sababu fundi mitambo wa redio alikataa kantini. "Mle kuna mwangwi kama kisimani," alisema. Stoo ilikuwa na majora yaliyopangwa hadi juu, na mtu akipiga kofi, kofi lilifia mkononi. Mama Nyuzi alisimama mwisho wa mstari wa sauti ya pili. Kwenye kantini mwangwi ulikuwa umemsaidia kidogo. Humu hata kile kidogo hakikuwepo.

Digrii alipokwenda kusimama mbele, Kengele aliweka mikono kiunoni. "Mimi nimeachishwa kazi?"

"Hapana, dada. Umepata msaidizi."

"Msaidizi anayenipa mgongo au uso?"

"Uso."

"Haya. Usinichekeshe tu."

Mwenyekiti alikubali kwa kidevu, wajaribu mara moja. Digrii akainua mkono wa kulia. Waliimba.

Mama Nyuzi hakuondoa macho kwenye ule mkono. Kwenye "mmoja" alihama na besi, kwa wakati mmoja kabisa. Kwenye "twafuma" alishuka kutoka la hadi sol katikati ya "fu", kisha akatua kwenye mi. Digrii alitamani kupiga kelele. Lakini katikati ya ubeti wa pili fundi mitambo akatoa vidude vyake masikioni na kunyoosha kiganja.

"Simameni. Samahani. Kuna mama mmoja pale mwisho anawahi."

"Anawahi?" Mwenyekiti akauliza.

"Anawahi. Sauti ya pili wote wako pamoja, yeye peke yake anawatangulia."

Vicheko vikapita. Mwanamke aliyesimama karibu na Mama Nyuzi akamgeukia. "Mama, leo una haraka ya wapi?"

Digrii alielewa papo hapo. Wanawake wale walikuwa wameimba nyuma ya kiongozi wao mazoezi yote. Kwenye irabu ndefu masikio yao yaliwavusha wenyewe, wakamwacha. Lakini kila penye silabi mpya walimsubiri yeye, na yeye alimsubiri Kengele, mpaka kusubiri kukawa ndiyo wimbo wao. Simu yake ilimsikia mmoja tu.

Mama Nyuzi alikuwa amesoma swali mdomoni mwa jirani yake. Akamtazama mpwa wake. "Hata wao wanachelewa?"

"Wote, Shangazi. Wamejifunza kwako."

Aliwatazama mmoja mmoja, wanawake wa mstari wake, kama anayehesabu watoto wake.

Digrii alijaribu kuwarekebisha. Aliwaambia wahame na mkono. Nusu walihama, nusu wakasahau, na mstari ukasikika kama pazia lililopasuka. Wakajaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Fundi mitambo akatazama saa, gari la redio lilikuwa na safari nyingine.

Mwenyekiti alitoka kwenye safu ya besi. Hakusema kwa ukali. "Mwalimu, hesabu ni rahisi. Wale wako pamoja, na nakubali, wanapendeza. Mmoja hayuko nao. Mama akae pale kwenye majora, tumalize."

Mama Nyuzi alikuwa tayari ameanza kufungua vifungo vya koti la kwaya.

"Mzee," Digrii akasema, "zile noti ni zake. Walizipata kwake. Ukimtoa, utakuwa umerekodi noti zake bila yeye."

"Sasa unataka nifanye nini? Rekodi haijui noti ni za nani."

Shangazi alimkaribia Digrii, akamsemesha chini kwa chini, karibu na kola.

"Wa sauti nyingine wape mkono huo huo. Mimi nipe mwingine."

"Mwingine vipi?"

"Si una miwili? Huo wa pili uje nyuma kidogo. Nimekuwa nyuma siku zote kwa kubahatisha. Leo nionyeshe pa kukaa."

Akavifunga vifungo vyake, akarudi mahali pake.

Walianza upya. Mkono wa kulia ulishuka, na sauti tatu zikahama. Mkono wa kushoto ulibaki juu. Mama Nyuzi akabaki kwenye fa, na wanawake wake wote wakabaki naye, ile noti ya nje ikisimama katikati ya do na sol, inauma, haina papara. Kisha mkono wa kushoto ukashuka, na sauti ya pili yote ikashuka hadi mi kama mtu mmoja. Kwenye irabu ndefu mikono yote miwili ilishuka pamoja, na hakuna kilichokwaruza. Fundi mitambo alifumba macho. Kwenye fungu la mwisho Digrii aliuacha mkono wa kushoto juu zaidi ya alivyopanga, hata Kengele akamkodolea macho, na besi wakaanza kuishiwa pumzi. Mama Nyuzi alikuwa akiutazama mkono ule bila kupepesa, anangoja. Digrii akaushusha.

"Hiyo ndiyo," fundi mitambo alisema. "Hatugusi tena."

Aliifungulia rekodi kwenye spika aliyoiweka juu ya kreti. Watu wakasogea. Mama Nyuzi alipita katikati yao, akalaza kiganja juu ya spika, akakiacha hapo wimbo mzima. Mwenyekiti alikitazama kile kiganja. Akamtazama Digrii. Akakitazama tena.

Wimbo ulipoisha alimvuta Digrii kando, nyuma ya majora ya kaki.

"Ule mkono wa kushoto ulikuwa wa nani?"

"Wa sauti ya pili, mzee."

"Wote?"

"Wote."

Mwenyekiti aliikuna buluu ya kwenye kucha yake kwa muda.

"Basi iandike sauti ya pili hivyo kwenye karatasi ya wimbo," alisema. "Siyo kwa penseli. Asije akaja mwenyekiti mwingine akadhani ni kosa."